Shajara ya mradi: kugawana visima Anantapur, India, Mei hadi Novemba

Mei, wiki ya mwisho

Wenye visima wa kitongoji cha kwanza wametia saini. Wengine wameandika majina yao, wengine wamebandika dole gumba, na hati yenyewe imefungiwa kwenye kabati la gram panchayat, yaani baraza la kijiji. Masharti ni machache. Kwa miaka 10 hakuna atakayechimba kisima kipya ndani ya eneo la mtandao wa mabomba. Mabomba ya visima vyote yataunganishwa. Mwenye kisima atamwagilia shamba lake kwanza, kisha maji yanayobaki yatapelekwa kwa majirani wasio na kisima, pale karanga zao zitakapokuwa hatarini. Mpunga haulimwi kwa maji ya kisima. Mradi unanunua mabomba, valvu na vinyunyizi, na wanakijiji wanachimba mitaro.

Wazo hili tumelipokea kwa waliotutangulia. Shirika la WASSAN la Hyderabad limelifanyia kazi kwa miaka mingi, na mwishoni mwa miaka ya 2000 mpango wa kuhimili ukame wa jimbo la Andhra Pradesh ulilijaribu katika wilaya za Mahbubnagar na Anantapur. Sisi tunalileta kwenye vitongoji ambavyo havikufikiwa.

Wenzangu wa Dodoma na Singida huniuliza kwanza habari za mvua, basi niiseme mapema. Anantapur iko kusini-magharibi mwa Andhra Pradesh, katika ukanda wa Rayalaseema. Monsuni ya kusini-magharibi hufika hapa ikiwa imekwisha kumwaga maji yake kwenye milima ya Ghats ya Magharibi, na ile ya kaskazini-mashariki hufika imechoka. Wastani wa mwaka ni milimita 550 hivi, kiasi kisichopishana sana na cha Dodoma. Udongo ni mwekundu na hauna kina, na chini yake kuna mwamba wa itale. Maji ya ardhini hukaa kwenye nyufa za mwamba huo. Anayechimba huwa anautafuta ufa; akiukosa anabaki na shimo kavu la futi mia kadhaa, pamoja na deni.

Madeni hayo ndiyo yaliyonifanya niipende kazi hii. Ukipita kijijini unaonyeshwa mabomba ya chuma yaliyochomoza ardhini, yamefunikwa jiwe, na kila moja lina historia ya dhahabu ya mke iliyowekwa rehani.

Juni, mwanzoni

Mvua za kwanza zimedondoka kidogo, hazijatosha kupanda karanga. Wiki hii nimeshinda na kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanaotengeneza mbegu za kupanda kwenye vumbi kabla ya monsuni. Mpango wa kilimo cha asili wa Andhra Pradesh, ulioanza 2016 chini ya taasisi ya serikali iitwayo Rythu Sadhikara Samstha, ndio uliolieneza jambo hili.

Wanavyofanya ni hivi. Mbegu za aina nyingi zinachanganywa: mtama, uwele, ulezi, kunde, choroko, mbaazi, mbarika, ufuta, na mboga kidogo. Zinanyunyiziwa maji ya kinyesi na mkojo wa ng'ombe yaliyotiwa chokaa kidogo, kisha zinaviringishwa kwenye udongo laini wa mfinyanzi, halafu kwenye majivu. Akka mmoja (akka ni dada, na ndivyo wanavyoitwa wote waliokuzidi umri) alikuwa akiuzungusha ungo kwa mkono mmoja na kunyunyiza maji kwa mwingine, na mbegu zikatoka kama shanga za kijivu, kila moja imevaa koti lake. Koti hilo linaiweka mbegu salama dhidi ya chungu na jua mpaka mvua ya kweli ije. Shamba likishaota, udongo unakuwa na kivuli na mizizi mapema, na mazao mengine yanaliwa au wanapewa mifugo kabla ya karanga.

Pembeni kulikuwa na pipa la jeevamrutham likichachuka kivulini: kilo 10 za kinyesi, mkojo wa ng'ombe lita 5 hadi 10, sukari guru kilo 2, unga wa dengu kilo 2, konzi ya udongo kutoka shamba lisilotiwa dawa, maji lita 200. Linakorogwa asubuhi na jioni kwa siku mbili, na linatosha ekari moja. Gharama yake kubwa ni sukari guru.

Mchana tulikula sangati, tonge la ulezi lililopikwa na mchele, kwa chatine ya karanga. Ni ugali, wala sina jina jingine la kuupa. Ulezi wenyewe asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ulifika India maelfu ya miaka iliyopita. Nimewaeleza kina mama hao, na wakataka kujua kwetu tunaula na nini.

Juni, katikati

Mitaro ya mabomba imekamilika upande wa mashariki. Upande wa magharibi tumegonga mwamba.

Julai, wiki ya pili

Mvua ya kupandia imepatikana na kila mtu yuko shambani. Tumekubaliana mistari 7 ya karanga kwa mmoja wa mbaazi. Mbaazi ina mzizi mrefu na hukaa shambani muda mrefu, kwa hiyo karanga zikishindwa mwezi wa Agosti yenyewe bado inaisubiri mvua ya Septemba na Oktoba.

Kuzunguka kila shamba tumesisitiza mistari minne ya mtama au uwele, iliyopandwa kwa kubanana. Sababu yake inawahusu wakulima wa kwetu pia. Mwaka 2000 wilaya hii ilipigwa na ugonjwa wa kunyauka shina la karanga, unaoletwa na kirusi cha michirizi ya tumbaku, na takriban hekta 225,000 zikaathirika kwa msimu mmoja. Kirusi hicho hukaa kwenye gugu lenye maua meupe madogo linaloota kando ya njia. Wadudu wadogo waitwao thripsi hubeba chavua ya gugu lile na kuishusha kwenye majani ya karanga changa. Gugu lenyewe ni pathenia, tunayoiita gugu karoti, na Arusha wanaijua vizuri sana. Ukuta wa mtama unawazuia thripsi wanaopeperushwa na upepo. Kwa hiyo kabla ya kupanda, vijana wameng'oa gugu karoti kwenye njia zote za kitongoji. Waling'oa kwa glavu, kwani linawasha ngozi na kifua, na waliliwahi kabla halijatoa maua.

Kazi ya pili ya wiki hii ilikuwa ya makaratasi, na ndiyo iliyonikera. Tangu 2020 jimbo lina vituo vya wakulima ngazi ya kijiji, zaidi ya 10,000, vilivyoanzishwa kwa jina la Rythu Bharosa Kendra. Kila kimoja kina afisa ugani, na mkulima anapata mbegu, mbolea na ushauri bila kusafiri hadi mjini. Nimeviona vikifanya kazi na ninavisifu kwa moyo wote. Afisa ugani wetu ni binti mdogo anayepita shamba kwa shamba na simu yake, anapiga picha ya zao na kuliandikisha kwa namba ya kiwanja. Uandikishaji huo ndio mlango wa bima, wa fidia ya ukame na wa kuuza kwa bei ya serikali.

Ila mlango huo haufunguki sawasawa kwa anayelima shamba la kukodi. Fedha za serikali kuu za PM-KISAN, rupia 6,000 kwa mwaka katika mikupuo mitatu ya 2,000 tangu 2019, huenda kwa mwenye hati ya ardhi. Jimbo lilitunga sheria mwaka huohuo wa 2019 ya kumpa mkodishwaji kadi ya haki ya mlimaji kwa miezi 11, na ni sheria nzuri, lakini inataka mwenye shamba aridhie kwa saini. Wengi hawaridhii. Wanahofia kwamba karatasi ya leo itageuka madai ya kesho. Kijana mmoja anayekodi ekari tatu alikaa barazani kwa mwenye shamba lake tangu alfajiri, fomu mkononi, akaambiwa arudi baada ya harusi ya binti wa nyumba hiyo. Msimu haungoji harusi. Ninaandika hapa ili tusisahau: kila tunaposema "mkulima" katika mradi huu, tuulize kama tunamaanisha anayelima au anayemiliki.

Julai, mwishoni

Tumepima visima vyote. Huku mtu akisema kisima chake "kina inchi mbili," anasema unene wa maji yanavyotoka bombani. Ni lugha nzuri ya barazani lakini haitoshi kupangia zamu, hivyo tumetumia ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Pampu inawashwa, tunaacha maji yatulie, ndoo inasukumwa chini ya bomba, na mtu mwingine anahesabu. Kwenye kisima cha mzee mmoja ndoo ilijaa kwa sekunde 10. Hizo ni lita 2 kwa sekunde, lita 7,200 kwa saa. Umeme wa kilimo katika jimbo hili ni wa bure tangu 2004, na ratiba ni muda wa saa 9 kwa siku. Kwa hiyo kisima hicho kinatoa kama lita 64,800 kwa siku umeme ukitimia.

Jioni tulifanya hesabu ubaoni, chaki mkononi mwa msichana wa darasa la nane ambaye baba yake ni mmoja wa waliotia saini. Milimita 1 ya maji juu ya ekari moja ni karibu lita 4,050. Mpunga hapa unahitaji milimita 1,200 na zaidi kwa msimu. Ekari moja ya mpunga, basi, inakunywa zaidi ya lita milioni 4.8. Karanga zilizopandwa kwa mvua hazihitaji kumwagiliwa msimu mzima. Zinahitaji kuokolewa pale mvua inapokatika, na milimita 20 kwa vinyunyizi zinatosha kuzisogeza wiki moja au zaidi. Ni lita 81,000 kwa ekari. Binti akagawanya: maji ya ekari moja ya mpunga yanaokoa ekari 60 za karanga mara moja, au ekari 30 mara mbili.

Pakawa kimya kidogo, kisha mzee mwenye kisima akasema: "Anna (kaka), hesabu nimeiona. Lakini kisima hiki nimekilipia deni kwa miaka, na mbia wangu alikuwa jua peke yake. Kwa nini jirani anywe?"

Mimi sikujibu. Alijibu akka kiongozi wa kikundi, kwa heshima, kichwa amekifunika: "Ayya (bwana), ulipochimba hiki, kile cha mdogo wangu pale ng'ambo kilikauka mwaka uleule. Maji unayovuta yalikuwa yakipita kwake. Hatukukuletea kesi."

Ndivyo mwamba wa itale ulivyo. Ufa mmoja unaweza kupita chini ya mashamba ya watu kadhaa, na anayechimba ndani zaidi anamkausha aliye juu. Naye akikauka anachimba ndani zaidi ya yule. Sheria ya jimbo ya Maji, Ardhi na Miti ya 2002 inataka kibali kabla ya kuchimba, na inahimiza visima viachane. Kibali kinatoka ofisini, na mtambo wa kuchimba huja usiku. Saini za majirani wanaosikia mtambo ukinguruma zina nguvu ambayo kibali hakina.

Agosti, wiki ya pili

Mvua imekatika. Vijana wameniuliza kwa nini tusisubiri mfereji. Nimewajibu kwa urefu kwa sababu swali lina haki yake.

Mfereji wa juu wa Tungabhadra huleta maji Anantapur kutoka bwawa la Hosapete, Karnataka, lililokamilika 1953. Bwawa lile lilijengwa kubeba futi za ujazo bilioni 133 hivi, na tope limelipunguza hadi karibu bilioni 105. Usiku wa Agosti 10, 2024, mnyororo wa lango namba 19, kati ya malango 33, ulikatika na lango likasombwa, na maji mengi yakaachiwa mtoni ndipo mafundi wakaweza kuziba pengo. Uko pia mradi wa Handri-Neeva unaopandisha maji ya mto Krishna kwa pampu kutoka Srisailam, umbali mrefu sana. Miradi yote hiyo ina manufaa, na mahali ilipofika, migomba na mipapai inaonekana kwa macho. Mwaka 2020 treni ya kwanza ya wakulima kusini mwa India iliondoka Anantapur na matunda kwenda Delhi. Lakini vitongoji vyetu viko juu ya mfereji. Maji hayapandi mlima yenyewe, na karanga zilizopo shambani zina umri wa mwezi mmoja leo.

Agosti, wiki ya nne

Wiki ngumu kuliko zote, na yenye mafunzo kuliko zote.

Karanga hutoa maua kuanzia siku ya 25 au 30. Ua likishachavushwa linanyauka, na chini yake kinatoka kikonyo chembamba, kinachoinama na kujisukuma ardhini. Ganda hujengwa huko chini. Nilipiga magoti kwenye shamba la kijana yule wa ekari tatu. Vikonyo vilikuwa vimeshuka, vya rangi ya zambarau, ncha zake zimegusa udongo, na udongo umekataa. Nikibonyeza kwa kidole gumba haukubonyea. Vingine vilikuwa vimeanza kukauka ncha. Kila kikonyo kilichokauka hivyo ni ganda lisilokuwepo mwezi wa Oktoba.

Nilikumbuka Kongwa. Waingereza walipoanzisha mpango wao mkubwa wa karanga Tanganyika mwaka 1947, udongo mwekundu wa Kongwa ulikuwa ukikauka na kuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya trekta, na karanga zikabanwa humo. Mpango ulifutwa 1951. Matrekta yalikuwepo, fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza udongo ule ukoje mvua inapokatika, na wakulima wa Kigogo waliokuwa na jibu hawakuulizwa.

Tukaanza zamu. Kamati ya mtandao ilishapanga tangu Julai utaratibu wa ukame, unaotangulia lile sharti la mwenye kisima kwanza: wa kwanza ni mashamba ambayo vikonyo vimeshuka, bila kujali ni ya nani, na yaliyopandwa baadaye yangoje. Visima vitano vya lita 2 kwa sekunde vikiunganishwa vinamaliza ekari 4 kwa siku, na siku 10 ni ekari 40. Hiyo ni kama umeme hauyumbi, na siku mbili za kwanza uliyumba. Karibu kila pampu huku imefungwa kifaa cha kujiwasha yenyewe. Umeme ukirudi baada ya kukatika, pampu zote zinaamka kwa sekunde ileile na transfoma inaelemewa. Yetu iliungua siku ya pili mchana. Wakati tunangoja ibadilishwe, fundi wa kijiji alipita kisima kwa kisima akiondoa vifaa hivyo na kufunga kapasita, kifaa kinachopunguza mkondo ambao pampu inavuta, na kamati ikamteua mtu mmoja wa kuwasha pampu kwa mpangilio, moja baada ya nyingine. Kapasita ni kitu kidogo cha bei rahisi. Kijiji chenye kapasita na mtu wa kuwasha kwa zamu kina umeme bora kuliko kijiji chenye transfoma mpya kila mwaka.

Usiku wa tatu vinyunyizi vilizunguka kwenye shamba la kijana. Mzee mwenye kisima alikuja mwenyewe na tochi, akaangalia kama viungio vinavuja, akasogeza bomba moja kwa mguu. Hakuna aliyemwita. Asubuhi udongo ulikuwa laini hadi kifundo cha kwanza cha kidole, na tukamwaga jasi, kilo 200 kwa ekari. Jasi ina kalisi, na ganda la karanga hunyonya kalisi moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, wala haipitii kwenye mizizi. Udongo ukiwa mkavu, jasi inabaki juu kama unga. Wakulima wengi huimwaga kwa tarehe ya kalenda. Wetu msimu huu wameimwaga kwa unyevu.

Ugomvi ulikuwepo. Mwenye kisima mmoja alifunga valvu usiku na kupeleka maji yote kwenye ndizi zake. Kamati haikupiga kelele. Wake zao, ambao ni wanakikundi, walikwenda kuongea na mke wake jikoni, na valvu ikafunguliwa kabla ya chai.

Septemba

Mvua imerudi na imekuja kwa fujo. Malambo ya mashambani yamejaa. Mengi yalichimbwa na wanakijiji wenyewe kwa ujira, chini ya sheria ya 2005 ya ajira vijijini iliyoipa kila kaya haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka. Tumezingatia jambo moja: lambo lisitazamwe kama tangi la kumwagilia peke yake. Kwenye udongo huu kazi yake kubwa ni kuyapa maji muda wa kuzama hadi kwenye nyufa. Yaliyochimbwa juu ya visima yanafanya kazi hiyo. Yaliyochimbwa kandokando ya barabara ili yaonekane hayafanyi.

Oktoba, katikati

Tunang'oa. Mahali zamu ilipofika kwa wakati, shina linatoka na maganda yamejaa, punje zimegusa ukuta. Kwenye mashamba nje ya mtandao, upande wa pili wa njia, mashina ni makubwa na mabichi kwa sababu ya mvua ya Septemba, lakini chini maganda ni machache. Majani yalirudi, vikonyo vya Agosti havikurudi. Wakulima wa upande ule wamekuja wenyewe kutazama, wanang'oa shina la huku na la kwao na kuyaweka sambamba juu ya tuta. Hakuna semina ningeweza kuandaa ikafikia hapo.

Mvua za sasa zinatutia hofu ya sumukuvu. Tumewasihi wageuze mashina maganda yaangalie juu, wayakaushe hadi punje ilie ndani ya ganda inapotikiswa, na wasirundike mabichi hata kama mawingu yanatisha. Maturubai ya kikundi hayatoshi. Nimeyaombea nyongeza.

Kuhusu mbegu: kituo cha utafiti cha Kadiri, kilicho jirani katika wilaya ya Sri Sathya Sai iliyomegwa kutoka Anantapur mwaka 2022, kimetoa aina nyingi zinazolimwa hapa, na K6 ndiyo inayojulikana na kila mtu. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, ICRISAT, iliyoanzishwa 1972 Patancheru karibu na Hyderabad, ilishirikiana na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, hadi ikapatikana karanga ya Pendo iliyotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1998. Kwa hiyo njia ya mbegu kati ya nchi zetu ipo tayari. Ningependa njia ya maarifa ya maji nayo ifunguke hivyohivyo.

Novemba, wiki ya kwanza

Mkutano wa bajeti ya maji. Utaratibu huu tumeuchukua kwa mradi wa APFAMGS, wa wakulima kujisimamia maji ya ardhini, ambao FAO iliusimamia katika wilaya 7 kame za Andhra Pradesh miaka ya 2000. Wakulima wenyewe walipima mvua, kina cha visima na nguvu ya pampu, wakayaandika ukutani kijijini, na kabla ya msimu wa rabi, ule wa kiangazi baridi, wakakaa kukadiria maji yaliyopo na mazao yanayoyataka. Serikali haikumkataza mtu kulima alichotaka. Kila mmoja alirudi nyumbani akiwa ameona tarakimu.

Yetu tumeifanya chini ya mti wa mwarobaini karibu na shule. Msichana wa darasa la nane alishika chaki tena. Upande wa kushoto aliandika maji: mvua iliyopimwa kwenye kipimo cha shule, sehemu inayokadiriwa kuzama, na kina cha kila kisima, kilichopimwa kwa kamba yenye alama. Upande wa kulia kila mkulima alisimama akasema anachotaka kupanda na ekari ngapi. Nyanya, vitunguu, karanga za rabi, dengu, na wawili, ingawa mkataba unaukataza, wakasema mpunga. Alipojumlisha, upande wa kulia ulizidi wa kushoto kwa kiasi kikubwa.

Mjadala ulichukua jioni nzima na sikuuingilia. Mmoja wa wale wa mpunga alisema ng'ombe wake wanahitaji majani ya mpunga; akajibiwa kwamba mtama wa malisho unakunywa maji machache, na kikundi kitampa mbegu. Wa pili alisema yeye ndiye aliyetoa maji mengi zaidi Agosti, kwa hiyo ana haki ya kufidiwa rabi hii. Hoja yake ilikuwa nzito na kamati iliipokea hivyo. Wamemkubalia nusu ekari ya nyanya kwa matone, na mradi utamsaidia kuombea ruzuku ya jimbo ya umwagiliaji wa matone, ambayo kwa mkulima mdogo hufika hadi asilimia 90 ya gharama. Mzee wa kisima cha sekunde 10 amepunguza ekari zake mbili za vitunguu kuwa moja, bila kuombwa mara ya pili.

Wa mwisho kusimama alikuwa kijana wa kukodi. Hakutaja zao. Alisema mwenye shamba, baada ya kuona karanga, anataka kupandisha kodi mwakani, kwa kuwa sasa shamba lake "lina maji." Kamati haikuwa imelifikiria hilo, na mkataba wetu wa Mei hausemi neno juu yake. Tumekubaliana kuongeza kipengele kabla vitongoji viwili vipya havijatia saini: shamba likiingizwa kwenye mtandao, kodi yake isipandishwe kwa miaka mitatu kwa sababu ya maji ya jirani. Mwenye shamba asiyekubali, bomba litapita pembeni ya shamba lake. Wenye visima ndio waliolipendekeza sharti hilo la mwisho, kwani maji ni yao.

Kina cha visima kitapimwa tena Januari. Kabla ya hapo nina fomu za kadi za wakodishwaji za kupeleka kwa afisa wa kijiji, mwamba wa upande wa magharibi wa kupasuliwa ili mabomba yapite, na mafundi wa kapasita wa kuwafundisha katika vitongoji viwili vinavyofuata.